Kiswidi cha Mlango wa Kulia

Wenzangu, hili nalisema mwenyewe kabla hamjalisikia kwa dada Mwanaidi, maana yeye akilisimulia huongeza chumvi, na hili halihitaji chumvi hata punje: mwaka jana nilijifunza lugha kwa wiki kumi na mbili, nikaihifadhi, nikaiota, nikasimama mbele ya watu zaidi ya hamsini kuizungumza, na haikuwa lugha niliyotumwa kujifunza. Basi, limetoka. Mkitaka kucheka chekeni sasa, kisha mniache nieleze, maana mimi nikilikumbuka masikio hushika moto hata nje kukiwa na theluji.

Mnaonijua mnajua kwamba mimi Hamisi ni mtu wa haya tangu utoto. Kule Lushoto bibi aliwahi kunituma dukani sukari, mwenye duka akanipimia chumvi, nikaona haya kumwambia, nikarudi na chumvi. Bibi akanirudisha nikabadilishe. Nikazunguka nyumba mara tatu, nikarudi na chumvi ile ile. Sasa mtu wa namna hiyo, aliyeishia darasa la saba, ndiye aliyeletwa Stockholm na dada yake ili apate kazi.

Dada Mwanaidi ni msaidizi wa wauguzi katika hospitali moja kubwa. Anakaa Hjulsta, ghorofa ya nne, pamoja na mumewe na binti yao Rehema wa miaka saba (ambaye ukimsemesha Kiswahili anakujibu kwa lugha ya huku, tena bila kukutazama). Dada alinitafutia kazi ya kuosha masufuria katika jiko la hospitali hiyo hiyo. Mkubwa wa jiko, Mama Gunnel, mwanamke mrefu mwenye sauti ya filimbi, alinipokea kwa majaribio. Alimweleza dada, na dada akanieleza: "Anasema unaosha vizuri, lakini jikoni kuna maji ya moto na visu, lazima mtu aelewe anachoambiwa. Ujifunze Kiswidi. Siku ya Lusia, Desemba, wafanyakazi wote tunakunywa kahawa pamoja. Hapo utasimama ujieleze kwa Kiswidi, hata dakika mbili. Ukiweza, anakuandika kazi ya kudumu. Ukishindwa, majaribio yameisha, na bila kazi hawatakuongezea kibali cha kukaa. Nami nimeshamwambia mdogo wangu ana akili, kwa hiyo usiniangushe."

Nikasema sitakuangusha, dada. (Maneno hayo nayo nikiyakumbuka masikio yanashika moto.)

Masomo ya jioni yalikuwa katika shule ya msingi karibu na kituo, mwaka ule ule treni ya chini ya ardhi ilipofika Hjulsta. Dada alikuwa kazini, akaniandikia kwenye karatasi jina la shule na saa, akasema, "Ukifika, uliza." Uliza! Angeniambia nipande juu ya paa ningemwelewa zaidi. Nikafika, nikakuta ukumbi mrefu na milango miwili iliyo wazi, mmoja kushoto, mmoja kulia. Nikachungulia wa kushoto: watu wamejaa hadi madirishani, wanaume wenye masharubu wanavuta sigara, akina mama na mitandio yao, kila mtu anaongea na mwenzake kwa sauti ya juu, na wote wakageuka kunitazama. Nikarudi nyuma kama niliyeungua. Nikachungulia wa kulia: kimya, watu saba tu, nywele za dhahabu, kalamu zimechongwa, madaftari yamefunguliwa. Waswidi watupu.

Nikajiambia (na hapa ndipo mkasa wote ulipozaliwa): Kiswidi kitafundishwa wapi kama si walipo Waswidi? Wale wa kushoto ni wageni kama mimi, bila shaka wamekuja kushughulikia karatasi zao. Nikaingia kulia.

Mwalimu alikuwa mama mfupi mwenye nywele nyeusi na miwani ya mnyororo. Jina lake nililijua baadaye, Bi Nermin. Akanitazama, akatazama orodha yake, akaniuliza kitu. Nikasema, "Hamisi." Uso wake ukafunguka kama mlango. "Hamis! Hoş geldin!" akasema, yaani karibu, akanivutia kiti cha mbele kabisa, kisha akanimiminia chai kutoka kwenye chupa yake, katika bilauri ndogo iliyobanwa kiunoni kama siafu. Nikanywa. Sasa niambieni ninyi mliolelewa: mtu amekukaribisha, amekupa kiti, amekupa chai yake mwenyewe, utasimama useme samahani nimekosea mlango? Hata ningejua nimekosea nisingeweza. Na sikujua.

Mtaniuliza, hukujiuliza kwa nini Waswidi wazima wanajifunza Kiswidi? Nilijiuliza. Tena nikajijibu vizuri kabisa, na hilo ndilo linalonitia aibu zaidi, maana jibu lenyewe lilikuwa na akili. Nilimkumbuka bibi. Kisomo cha watu wazima kilipoanza kwetu, bibi alikwenda jioni kukaa kwenye dawati la watoto, magoti yamefika kidevuni, kujifunza Kiswahili cha kuandika, wakati maisha yake yote alikuwa akizungumza Kisambaa. Mwalimu akiandika ubaoni ni Kiswahili, wanafunzi wakinong'onezana ni Kisambaa. Na pale Hjulsta niliona nini? Watu wazima, madawati ya watoto, magoti marefu yamefika kidevuni, ubaoni lugha moja na wao wakinong'onezana kwa nyingine. Nikasema moyoni: kumbe na hawa wana kisomo cha watu wazima! Hii ya kunong'onezana ndiyo lugha yao ya nyumbani, Kisambaa chao. Ile ya ubaoni ndiyo Kiswidi chenyewe, Kiswidi cha Taifa.

Basi tangu hapo kila kitu kikaingia mahali pake. Rehema anaongea nini? Kilugha. Mama Gunnel jikoni? Kilugha. Kwenye treni? Kilugha kitupu. Nikawaonea huruma kidogo. Na kama bado nilikuwa na shaka, niliona ubaoni herufi zenye vidoti juu, na nje vibao vya barabarani vina herufi zenye vidoti juu. Nikasema, ndiyo hiyo hiyo.

Lugha yenyewe, wenzangu, niliipenda. Mimi naandika polepole, herufi moja moja kama mtu anayepanda maharage, na Bi Nermin hakunikimbiza. Wengine wakishamaliza kunakili yeye alikaa akinisubiri, akinigongea kidole kwenye daftari, "Aferin, Hamis, aferin," yaani vyema. Na tulianza na jambo ambalo Msambaa yeyote angelielewa: nyumba ya nani. Nyumba ni ev. Nyumba yangu, unaongeza mkia tu: evim. Yako, evin. Yake, evi. Yetu, evimiz. Wale Waswidi saba walishika vichwa. Muuguzi mmoja mwenye mashavu mekundu alikuwa akiandika, akifuta, akiandika, mpaka karatasi ikatoboka. Mimi nikawa nacheka moyoni, maana sisi si tunasema mwanangu, mwenzio, mumewe? Mwenye mali tunamning'iniza kwenye mkia wa neno. Kwao "angu" hubadilika tumbo kufuata neno, shule yangu ikawa okulum, nyumba yangu evim. Kwetu hubadilika kichwa: yangu, changu, wangu. Ukizoea kubadilisha kichwa, tumbo litakushinda?

Kilichonitoa jasho ni mikia ya mahali. Kwetu "nyumbani" moja inatosha kwa safari zote: naenda nyumbani, niko nyumbani, natoka nyumbani. Wao wamegawa. Kwenda nyumbani, eve. Kuwa nyumbani, evde. Kutoka nyumbani, evden. Nikaona kweli hawa watu wameendelea, hata lugha yao inajua unakwenda au unarudi. Halafu ukitaka kusema nyumba ya dada yangu, dada anavaa mkia na nyumba nayo inavaa mkia, ablamın evi, kama bwana harusi na bibi harusi wanavyovaa pete wote wawili. Nilikuwa nikiosha masufuria huku naimba mikia. Sufuria kubwa evim, sufuria ndogo evde.

Nyumbani sikuthubutu kuongea mbele ya dada. Kwanza haya, pili nilitaka kumshtukiza.

"Unaendeleaje na masomo?" akaniuliza mara moja.

"Vizuri, dada. Mwalimu ananisifu."

"Hebu sema kidogo nisikie."

"Utanisikia siku ya Lusia."

Akafurahi, akaniongezea nyama kwenye sahani. Lakini Rehema nilimjaribu. Nilimkuta sebuleni na midoli yake, nikamwambia taratibu kwa Kiswidi changu: nyumba yako ni nzuri. Akaniangalia, mdomo wazi, kisha akapaza sauti kumwambia mama yake kitu kwa lugha yake. Nikamwambia kwa Kiswahili, "Mwanangu, nenda shule usome. Hutakaa na lugha ya nyumbani maisha yako yote." (Ndiyo. Nilimwambia hivyo. Mtoto aliyezaliwa huku.)

Na Mungu naye, sijui kwa nini, akaniletea ushahidi. Jengo letu lina chumba cha kufulia chini kabisa, na kila nyumba ina saa zake, ukiingilia saa za watu ni kesi. Jumamosi moja nilikuwa natoa nguo zangu, akaingia mama mnene mwenye mtandio wa maua, wa ghorofa ya pili, amebeba kapu, akasimama kusubiri saa yake. Shati langu moja lilikuwa limebaki kwenye beseni. Nikajikaza, jasho likanitoka, nikasema neno langu la kwanza kwa mtu wa mitaani: gömleğim suda. Shati langu limo ndani ya maji.

Yule mama aliangusha kapu. Akapiga kofi, akasema, "Maşallah! Maşallah!" akanishika mashavu yote mawili, akaanza kumwaga maneno kama mahindi kutoka kwenye gunia, nami nikashika matano kati ya mia: nyumba, mwana, wapi, chai, njoo. Jina lake lilikuwa Emine. Jioni yake akaleta sahani ya mikate iliyojazwa mchicha mpaka mlangoni kwetu. Dada akashangaa, "Huyu tangu lini anatujua?" Nikaendelea kutafuna. Moyoni nilisema: huyu ndiye Mswidi wa kwanza aliyesoma. Na amesema mashallah! Kumbe hata Waswidi wamo Waislamu, na wanajifunika kwa ajili ya baridi na dini kwa pamoja.

Sasa mtu akishapata ushahidi wa namna hiyo, nani atamtoa?

Siku ya Lusia ikafika. Kwa wasioijua, ni asubuhi moja ya Desemba, giza bado, ambapo wasichana wenye kanzu nyeupe huja wakiimba, wa mbele ana taji la mishumaa inayowaka kichwani (ya kweli, si ya umeme), na watu wanakunywa kahawa na mikate ya zafarani. Ukumbi wa hospitali ulijaa: wapishi, wafagiaji, madaktari wawili watatu, watu wa chumba cha kumenyea viazi ambao sikuwahi kuwaona kwa sababu wao huingia kabla yetu. Dada alikaa mstari wa mbele na marafiki zake wauguzi, wote ameshawaambia mdogo wake atazungumza. Alivaa gauni lake la Idi. Rehema alikuwa mapajani mwake, kwa sababu watoto wa wafanyakazi walikaribishwa.

Nyimbo zikaisha. Mama Gunnel akapiga kijiko kwenye kikombe, akasema maneno, nikasikia "Hamisi", watu wakapiga makofi. Nikamtazama dada, akaniinulia kidevu, kama kusema haya, mdogo wangu. Nikatoka mbele, nikasimama karibu na yule msichana wa mishumaa, nikafungua mdomo.

"Benim adım Hamisi," nikasema. Jina langu Hamisi. "Benim evim Hjulsta'da." Nyumba yangu iko Hjulsta. "Ablamın evi büyük." Nyumba ya dada yangu ni kubwa.

Mama Gunnel alikuwa anatabasamu, lakini tabasamu limeganda kama la mtu aliyeng'ata ndimu mbele ya wageni. Nikafikiri, wameguswa. Hawakutegemea mgeni atumie Kiswidi cha Taifa, wao wenyewe hapa wanaongea kilugha. Nikaendelea, sauti ikapanda: jiko letu ni safi, asubuhi natoka nyumbani naja jikoni, jioni natoka jikoni nakwenda nyumbani, mikia yote mahali pake, hata mmoja haukuanguka. Kweli nawaambieni, sijawahi kusema kitu kwa usahihi kama siku ile.

Nyuma ya ukumbi kiti kikaanguka. Mwanamume mwenye masharubu, wa chumba cha viazi, alikuwa amesimama juu ya miguu yake miwili na mikono hewani, anawapigia wenzake kelele, kisha ananielekezea mimi kidole, kisha anajipiga kifua. Wenzake watatu nao wakasimama. Wakapiga makofi, mmoja akapiga mluzi. Nikasema, alhamdulillahi, angalau wanne wamesoma.

Na hapo, wenzangu, mtu wa haya akionja makofi mara moja anakuwa hatari. Nilikuwa nimefika mwisho wa hotuba yangu. Ningekaa. Badala yake nikaona niwape zawadi, nikaanza jedwali zima. "Evim!" nikasema. "Evin! Evi!" Na wale wanne wa nyuma wakanijibu kwa pamoja kama darasa: "Evimiz! Eviniz! Evleri!" Nikasema eve, wakasema evde, nikasema evden, tukaenda hivyo kama watu wa ngoma, mimi nikiwapungia mkono wa kuongoza. (Mkono wa kuongoza! Mimi, wa chumvi!)

Ndipo Rehema akasimama juu ya mapaja ya mama yake, akapaza sauti kwa lugha yake, na katika maneno yote nilishika moja tu: Emine.

Ukumbi ukapasuka. Wauguzi walicheka wakashikana mabega, daktari mmoja akamwaga kahawa kwenye koti lake jeupe, na yule msichana wa Lusia alicheka mpaka taji likamteleza sikioni, nta ikaanza kumdondokea begani, wenzake wakamzunguka kuzima mishumaa kwa kupuliza. Katika watu wote waliokuwa mle ndani ni mmoja tu ambaye hakuelewa kinachochekesha, na ndiye aliyekuwa amesimama mbele. Nikadhani wamefurahi. Nikainama kuwashukuru. Wakacheka zaidi.

Nikamtafuta dada. Alikuwa amejifunika uso wote kwa kitambaa cha mkononi, mabega yake yametulia, hachezi, hacheki. Akainuka, akaja mpaka mbele, akanishika kiwiko.

"Hamisi. Hiyo ni lugha gani?"

"Kiswidi, dada."

"Kiswidi cha nani?"

"Cha Taifa," nikasema, lakini sauti ilikuwa imeshaanza kurudi ndani.

"Hicho ni Kituruki."

"Kituruki cha wapi?"

"Cha Uturuki, Hamisi! Kipo cha wapi kingine? Rehema anauliza kwa nini mjomba anaongea kama mama Emine wa ghorofa ya pili."

Mama Gunnel naye akafika, akauliza kitu, dada akamjibu huku anatazama sakafu (baadaye aliniambia swali lilikuwa, "Kiswahili ni lugha nzuri sana, lakini amesema nini?"). Na kabla hajamaliza, yule wa masharubu akanifikia, akanikumbatia mpaka miguu ikaacha sakafu, akanibusu shavu hili na lile. Alikuwa Osman, mume wa Emine. Mkewe alikuwa amemwambia miezi miwili mizima kuwa katika jengo lao kuna kijana Mwafrika anayezungumza Kituruki, naye alikuwa amemwambia mkewe apunguze kukaa kwenye mvuke wa chumba cha kufulia.

Mama Gunnel alituita jikoni, mimi na dada. Akasema kirefu, nikasimama nikitazama masufuria yangu, nikiyaaga moja moja. Nilijiona nimesharudi Lushoto, bibi ananiuliza, kwani ulikosa nini? Na mimi nasema, nilikosa mlango.

Dada akatafsiri, uso mkavu. "Anasema alitaka Kiswidi, na Kiswidi hakuna. Kazi ya kudumu hawezi kukupa."

"Ndiyo, dada."

"Anasema pia hajawahi kuona mtu anayejifunza lugha ngumu hivyo bila kuombwa na mtu. Anakuongezea majaribio mpaka Machi. Lakini safari hii atapiga simu shuleni mwenyewe kuuliza umekaa chumba gani. Na mpaka hapo utahamia chumba cha viazi, chini ya Osman, kwa sababu huko angalau mtu akikuambia maji ya moto utaelewa."

Katika treni dada hakunisemesha. Vituo vyote hakunisemesha. Nilijua kesho wauguzi watamsalimia kwa evim evin, na kweli walimsalimia hivyo mpaka mwaka mpya. Tulipofika Hjulsta, kwenye ngazi zile ndefu zinazojiendesha, nikasikia nyuma yangu mtu anakohoa, nikageuka, nikaona si kukohoa. Alikuwa ameshikilia mkanda wa ngazi, machozi yanatiririka. "Cha Taifa," akasema. "Cha Taifa!" Akakaa kwenye ngazi na gauni lake la Idi, ngazi ikampandisha hivyo hivyo ameketi.

Jumatano iliyofuata nilikwenda kumwungamia Bi Nermin. Nilitaka kumwomba radhi, na lugha ya kumwombea ilikuwa moja tu, kwa hiyo nikamweleza kwa Kituruki kwamba sikujua kuwa nilikuwa najifunza Kituruki. Alivua miwani. Akaniambia kila mmoja pale alikuwa na sababu ya kujifunza Kituruki, muuguzi ana wagonjwa wake Waturuki, mwalimu wa chekechea ana watoto wake, je, mimi alidhani nina nini? Nikasema sijui. Akasema, "Nilidhani una mchumba." Kisha akanimiminia chai. Nikanywa, lakini safari hii nikiwa nimesimama, karibu na mlango.

Januari nikaenda mlango wa kushoto. Rehema alikuwa amenifundisha sentensi moja kwa malipo ya vipande viwili vya chokoleti, nami nikaisema mlangoni, mbele ya watu wote wale waliojaa hadi madirishani: hapa ni Kiswidi? Mwalimu akasema ndiyo. Nikauliza tena. Akasema ndiyo. Nikauliza mara ya tatu, darasa likacheka, sikujali, niliulizia na ile chumvi ya bibi niliyoona haya kuisema. Halafu kutoka mstari wa nyuma mtandio wa maua ukainuka, Emine, ambaye amekaa huku miaka mitano na Kiswidi hana zaidi ya mimi. Akapiga kiti kilicho kando yake kwa kiganja.

"Otur, oğlum," akasema. Kaa, mwanangu. Mkia wake mahali pake kabisa.

Nikakaa. Mwalimu akatusikia, akaangalia orodha yake, akaliandika jina langu upande wa Waturuki, na mpaka leo limo humo, maana nimeona haya kumwambia. Lakini mlangoni, wenzangu, sirudii tena. Siku hizi siketi popote kabla sijauliza hapa panafanyika nini, na juzi nimeuliza hata kwa kinyozi, mkasi ukiwa umeshafika sikioni.